Wagika Huku, Wagalu Kule: Shajara ya Safari ya Usukuma

Jumatano, Mwanza mjini

Basi limetushusha Nyegezi kabla ya adhana ya alfajiri. Shemeji alikuwa keshafika na pikipiki yake, na salamu yake ya kwanza haikuwa pole ya safari.

"Mzaramo! Viwanja vya Dar vimekwisha, sasa mmekuja kuuza ziwa?"

"Nimekuja kuwafundisha kula nyama," nikamjibu. "Zizi limejaa ng'ombe na nyinyi mnatafuna michembe ya viazi vikavu."

Kondakta aliyekuwa akishusha mizigo akacheka, akaniuliza kama kweli mimi ni Mzaramo, kisha naye akaniongezea lake. Ndiyo utani huo. Wazaramo na watu wa huku, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, walianza kutaniana enzi za misafara, wapagazi walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo na kukatiza vijiji vya babu zetu. Waligombana, wakauziana vyakula, wakazikana, mwisho wakapeana ruhusa ya kutukanana bila kununa. Nyumbani kwetu hakuna anayeweza kukutajia mwaka wa msafara hata mmoja. Lakini msibani mtani anapoingia, akakalia kiti cha mfiwa na kukataa kuondoka mpaka apewe chochote, ile njia ya Bagamoyo inachezwa upya mbele ya watu, na kila mtu anajua zamu yake.

Nimekuja kwa ajili ya Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Bujora inayofanyika wakati wa Ekaristi Takatifu, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Dada yangu ameolewa huku, kwa hiyo sina gharama ya kulala, ila ya kuvumilia maneno ya shemeji. Yeye anauza dagaa mwaloni Kirumba.

Jioni akanipeleka kuona Jiwe la Bismarck. Ni mawe yaliyobebana juu ya maji, na picha yake imebandikwa kwenye kila kinachouzwa kwa jina la Mwanza. Kansela huyo wa Ujerumani hakukanyaga hapa hata siku moja. Ziwa lenyewe lina jina la malkia wa Uingereza aliyeliona kwenye ramani tu: John Hanning Speke alifika pande hizi tarehe 3 Agosti 1858, akaliangalia, akaliandika kwa jina la malkia wake, wakati waliokuwa wakivua humo walikuwa wakiliita Nyanza. Wenyeji wanakuonyesha pia mahali ambapo, kwa simulizi lao, Wajerumani walikuwa wakinyongea watu mtini. Vijana walikuwa wanapiga picha jiwe likiwa nyuma yao, na jua lilikuwa zuri kwa kazi hiyo.

Nikamwuliza shemeji kama kuna wimbo wa Kisukuma unaomtaja Bismarck. Akafikiri kidogo, maana vikundi vya ngoma huku ni vya Wagika au vya Wagalu, pande mbili zinazoshindana.

"Alikuwa Mgika au Mgalu?"

Alhamisi, majini

Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Safari ya saa tatu na ushee, upepo mwingi, mbuzi wanne sitahani na mtoto mmoja aliyetapika kwenye kikapu cha nyanya za mwenyewe. Tulikatiza mdomo wa Ghuba ya Speke (huyu bwana hatuachi). Nimelala mapema.

Ijumaa, Ukerewe

Tulitafuta enanga, ala ya nyuzi ya wasimulizi wa huku, tangu asubuhi. Bodaboda wawili walituambia haipo tena, wa tatu akasema babu mmoja upande wa Kagunguli anayo, ila asichokozwe akiwa na njaa. Tukanunua sukari na sabuni, tukaenda.

Mzee alikuwa anachambua maharage barazani. "Shikamoo babu." "Marahaba, wajukuu. Mmetumwa au mmejileta?" Tukasema tumejileta. Hilo lilimpendeza.

Enanga yake imechongwa kwa gogo moja, ndefu, imebonyea katikati na kutoboka hapa na pale. Kwa mbali unaona nyuzi kadhaa zimekaa sambamba. Ukisogea unaona kumbe ni uzi mmoja tu, umefungwa pembeni, ukapitishwa huku na huku kwenye mapengo ya ncha mbili mpaka umeishia mwisho. Ukilegea mahali pamoja, chombo kizima kinapoteza sauti. Mzee alitumia muda mrefu kuukaza kuliko alioutumia kupiga. Aliuvuta, akautegea sikio, akatemea mate kidole, akauvuta tena. Shemeji alianza kusinzia.

Wahaya ng'ambo ya ziwa na Wakerewe hapa wametumia chombo hiki kusimulia watawala, vita na mapenzi yaliyoharibika. Mzee alipoanza, sauti yake ilikuwa ya kusema zaidi ya kuimba, vidole vikimjibu chini kwa chini. Baada ya dakika chache akanyamaza na kututazama.

"Mbona hamwitiki?"

Tulikuwa hatujui pa kuitikia. Akatufundisha kipande kimoja, tukajaribu, akatikisa kichwa, akaendelea kidogo, kisha akaiweka enanga ukutani. Akasema habari ile ina sehemu nyingi, lakini nyingine hazisemwi na msimulizi, zinasemwa na waliokaa. Wale aliozoea kukaa nao wamekufa, na vijana wako mwaloni usiku kucha wakivua, mchana wanalala. Simu yangu ilikuwa imerekodi kila kitu. Nilipomchezesha akasikiliza kwa adabu, akasema, "Hapa nipo mimi. Wenzangu wako wapi?"

Njiani kurudi Nansio nilikuwa namwaza Aniceti Kitereza, aliyeishi upande huohuo wa kisiwa. Alimaliza kuandika riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Wasomaji wengine hulalamika kwamba kitabu kile hakina haraka: salamu zinaanza na kumalizika zote, pombe inapikwa hatua kwa hatua, mgonjwa anaaguliwa mpaka dawa ya mwisho. Mimi leo nimemwelewa. Alikuwa anawaandikia watu ambao hawatakuwa na wa kuwaitikia, basi ikabidi aweke kila kitu ndani, na maswali na majibu yake.

Shemeji anasema nimefikiri sana, tule sato.

Jumamosi, Igoma na Kisesa

Tumerudi kwa meli ya asubuhi. Igoma tukasimama kwenye makaburi ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba kuja Mwanza, karibu kabisa na kufika. Kila mwaka siku hiyo hufanywa sala hapa. Shemeji alikuwa kijana mdogo. Anasema msimu wa ngoma uliofuata, hakukuwa na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliyekuja uwanjani bila wimbo wa meli, na watu walikuwa wanalia huku wanacheza. Wimbo mmoja aliniimbia nusu kwa sauti ya chini, akakwama, akapiga simu kwa mama yake kijijini kuulizia ubeti uliobaki. Mama mtu akaimba wote kwenye simu, sisi tumesimama kando ya barabara ya Musoma na malori yanapita.

Manju ndivyo anavyofanya kazi huku. Hawezi kurudi mwaka huu na wimbo wa mwaka jana peke yake, watu watamwacha. Bei ya pamba ikishuka anaiimba. Chama cha ushirika kikileta taabu anakiimba. Zamani hizo Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ilipoanzishwa mwaka 1955 na kina Paul Bomani, wakulima walikuwa wakilima kwa vikundi na kuimba mashambani, na mambo ya pamba yalipita midomoni mwao kabla ya kufika gazetini. Ukitaka kujua mwaka fulani watu walilalamikia nini, tafuta bibi aliyekuwa binti mwaka huo.

Jioni tukaenda kwa kikundi cha jamaa za shemeji, huku Kisesa, wanaojiandaa kwa kesho. Sitawataja upande wao, nimeahidi. Ngoma kubwa zilikuwa zimelazwa kuzunguka moto wa mabua, ngozi zikielekea kwenye joto. Fundi wao, mtu mwembamba mwenye kofia ya pama, alikuwa anazunguka na kuzigonga kwa ncha ya kidole kimoja, moja baada ya nyingine. Ngozi ikiwa na unyevu inatoa sauti nzito isiyoruka, anaisogeza. Ikikauka mno inaweza kupasuka, anaivuta nyuma na kuipaka kiganja. Moja ilikuwa mpya, manyoya ya ng'ombe hayajaisha pembeni, na hiyo hakuiamini hata kidogo. Aliirudia mara nyingi kuliko zote. Nikamwuliza kwa nini asiiache nyumbani. "Wale wenzetu wana kubwa kuliko hii," akasema, na kuonyesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara, ambako moto mwingine kama huu ulikuwa unawaka.

Jumapili, Bujora

Ng'wangaluka. Ng'wangaluka duhu. Salamu ya asubuhi imenichosha mdomo, kila hatua kuna mtu.

Bujora ni mlima wa mawe nje kidogo ya mji, juu ya Kisesa. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alikaa hapa kuanzia miaka ya 1950. Badala ya kuwakataza waumini wake ngoma, aliziita ziingie uani. Kanisa lake lina umbo la msonge, na maandamano ya Ekaristi yakaja kuungana na mashindano ya ngoma ambayo yangechezwa hata bila yeye. Wapo waliosema amelichanganya kanisa, na wapo wanaosema amezitia ngoma maji ya baraka zikapoa. Kwa nilivyosikia leo, hazijapoa.

Kabla ya misa tulipita makumbusho. Jengo la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani kuna ngoma za tawala mbalimbali za Usukuma. Nilikaa humo muda mrefu kuliko shemeji alivyotaka. Hizi ndizo zilikuwa serikali, zinalia mtemi akisimikwa. Mwaka 1963 sheria ya nchi ikaondoa utawala wa machifu, na ngoma zikabaki hazina wa kumlilia. Ziko salama, hazina mchwa, na kijana anayetembeza wageni anazijua vizuri. Lakini hakuna aliyezigonga kuangalia kama ngozi imelegea.

Halafu kumbuka kwamba ni hapahapa Kisesa, Septemba 2021, machifu kutoka kila pembe ya nchi walikusanyika na kumsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Miaka 58 baada ya sheria kuufuta uchifu ofisini, umerudi uwanjani ukiwa na mavazi, usinga na vigelegele, bila mahakama wala kodi. Kuna waliocheka na kuna waliotoa machozi. Mimi nasema tu kwamba aliyedhani jambo limekwisha kwa kuwa limefutwa kwenye vitabu hakuwauliza watu wa ngoma.

Baada ya misa, uwanja.

Nilidhani nitaona jukwaa na ratiba. Kumbe vikundi viwili vinapewa pande mbili za uwanja mmoja na kuanza kwa pamoja. Wagika huku, Wagalu kule, wote wanapiga, wote wanaimba, na wewe mtazamaji uko katikati na miguu yako ndiyo kura. Aliyevuta umati mkubwa ameshinda. Inasimuliwa kwamba yote yalianza karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa, na wafuasi wa mmoja wakawa Wagika, wa mwingine Wagalu. Mpaka leo hutaki kumwambia mtu kwamba kikundi chake kimeshinda kwa dawa. Au unamwambia, lakini uwe mtani wake.

Kwa kuwa umati unaweza kukukimbia wakati wowote, kila manju ana hila. Zamani walikuja na sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa. Leo niliona mtu ametembea kwa mikono tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na mwingine aliyevaa suti kamili na kubeba mkoba, akicheza ofisa wa pamba anayepima kilo kwa mzani wa uongo. Hapo wazee waliangua kicheko ambacho mimi na vijana hatukukifikia. Ofisa yule walimjua. Kisha upande wa pili wakafungua kikapu, akatoka chatu. Umati wote ukahama kama maji ya beseni lililoinuliwa upande mmoja, nami nikiwa ndani yake, sikuwa na uamuzi.

Hao ni Bayeye, watu wa nyoka. Chama chao kina dawa za sumu na nyimbo zake, na anayeingia anafundishwa vyote. Wako pia Banunguli, waliokuwa wakiwinda nungunungu kwa kuingia shimoni kumfuata, kazi ambayo ukiisikia hutaitamani. Nungunungu waharibifu wa mashamba wamepungua na wawindaji pia, lakini uwanjani mtu analala kifudifudi, anajikunja mabega, anatambaa, anasimama ghafla na kusikiliza. Watoto waliokuwa mbele yangu hawajawahi kuona shimo la nungu. Mmoja alikuwa anajikunja vilevile, akimfuatisha.

Saa kumi ikaja bugobogobo, ngoma ya majembe. Hii naijua, au nilidhani. Tuliicheza shule ya msingi Temeke, na majembe ya mbao, tumevaa kaniki, mbele ya mgeni rasmi. Wanafunzi wa sanaa Bagamoyo wanaicheza, vikundi vya sherehe za kitaifa wanaicheza, ni mojawapo ya ngoma zilizotoka nyumbani zikawa za nchi nzima. Ila kule kwetu ilikuwa dakika saba, na mwalimu alitupangia nani atabasamu lini. Hapa ni jembe la chuma, zito, na linarushwa. Linazunguka hewani na kudakwa kwa mpini bila kutazama, na ngoma zile za jana usiku zinapiga mdundo ambao huwezi kuusikia ukaendelea kusimama wima. Mdundo huo ulikuwa wa kazi: watu wamejipanga mstari shambani, ngoma iko nyuma yao inawasukuma, atakayechelewa ataonekana. Majembe ya zamani walifua Barongo, wahunzi wa upande wa Geita, na yalitumika hata kulipia mahari. Kwa hiyo mtu anaporusha jembe juu namna ile, anacheza na mali.

Ile ngoma mpya, ya manyoya pembeni, ilishika. Nilimtafuta fundi kwa macho nikamwona amesimama nyuma kabisa, hachezi, hatabasamu, sikio limeelekea kwenye ngozi.

Sisi Wazaramo tuna mdundiko, unaopita mitaani na kuwazoa watoto mpaka mama zao wawatafute Buguruni. Nilimwambia shemeji mdundiko ungewamaliza hawa wote. Akasema ulete mwakani, upewe upande wake.

Jumatatu, Bujora tena

Nimewauliza watu kadhaa jana alishinda nani. Muuza miwa: Wagalu, bila shaka. Mama wa chai: Wagika, na Wagalu walishinda mwaka juzi tu, tena kwa sababu ya mvua. Katekista mmoja alikataa kujibu, kisha akanivuta pembeni akajibu. Mzee mmoja alianza kunieleza ya jana, akajikuta yuko mwaka 1974, akaniimbia wimbo wa mwaka huo wa kumsema manju wa upande wa pili, mzee mwenzake aliyekaa naye benchi moja akakasirika kweli na kuimba jibu lake. Wimbo na jibu, beti kwa beti, wote wawili wamezidi miaka 70. Yule wa Kagunguli angefurahi: hapa wa kuitikia yupo, tena amekuja kwa shari.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mambo ya huku hayajalala. Watu wa makumbusho watakuambia ni juhudi za kuhifadhi, na juhudi zipo. Mimi naona ni ugomvi. Yule mzee hakuutunza wimbo wa 1974 kwa kupenda historia. Aliutunza kwa sababu mpinzani wake bado hai na hajakubali kushindwa. Jiwe la Bismarck halina mpinzani. Ngoma za watemi nazo zimewekwa pamoja chumba kimoja, zilizokuwa zikigombana zimepatanishwa, na kila moja ina kibandiko. Nimeliandika hili usiku, dada anasema ni usingizi.

Jumanne, barabarani

Basi limeondoka Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi. Dada amenifungia matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha, na furushi la dagaa ambalo abiria wa pembeni wameshalitambua kwa pua. Tulipokaribia Shinyanga shemeji alinipigia: kikundi cha jamaa zake kimealikwa Magu mwezi ujao, na wale wa ng'ambo ya barabara wamealikwa pia, siku hiyohiyo, uwanja uleule. Fundi ameshaanza kutafuta ngozi kubwa zaidi. Anauliza kama bei ya ngozi ya ng'ombe Vingunguti ni nafuu, na kama Mzaramo anaweza kuaminiwa na hela.

Nimemwambia atume.